Huzuni Kubwa Niliyoifuta kwa Kalamu

Boke ameniomba niwaandikie ninyi mliobaki studioni namna ya kusoma tangazo la kifo bila sauti kukatika. Anasema wasomaji wapya wakifika kwenye jina la marehemu wanaanza kuhema kama mtu aliyepanda kilima na gunia la mahindi. Sawa, nitaandika. Muda ninao hadi wa kutupa. Tangu nistaafu, sauti ya kwanza ninayoisikia asubuhi ni ya Boke huyohuyo, naye yumo ndani ya redio, hanisikii nikimwitikia. Mimi humwitikia hata hivyo. Majirani zangu hapa Suna mwanzoni walidhani nina mgeni. Siku hizi wanajua sina.

Vyeo sitavitaja. Vilikuwa viwili tu, na barua ya kimoja ilikosea jina langu. Mshahara mnaujua wenyewe.

Niliingia redioni Homa Bay kama mpiga chapa. Redio ilikuwa ya kanisa, vyumba viwili nyuma ya ghala, na upepo ukigeuka mchana tulisoma habari huku harufu ya omena, dagaa wa ziwa letu, inayoanikwa imetujaa puani. Siku moja msomaji wa matangazo ya vifo alipotewa na sauti. Mkurugenzi akasimama mlangoni akauliza nani anaweza kusoma Dholuo na Kiswahili bila kutafuna maneno. Wenzangu wote wakaniangalia mimi, wanafiki wale. Nikasukumwa ndani nikiwa bado na wino vidoleni.

Tangazo mnajua linavyoanza, halijabadilika tangu siku hiyo: "Ni kwa huzuni kubwa, na kwa kuyakubali mapenzi ya Mungu, familia ya fulani inatangaza kifo cha fulani." Halafu zinafuata shughuli za mazishi na orodha ya wafiwa, nayo kwetu huku ni ndefu kuliko mahubiri. Marehemu wa siku hiyo alikuwa mzee wa upande wa Rangwe, mwenye wake wawili. Macho yangu yaliruka mstari mmoja tu. Mke wa pili akabaki kwenye karatasi.

Kesho yake asubuhi alikuwa langoni, gambuti zimejaa matope hadi magotini.

"Nani amesoma jana?"

"Ni mimi, mama."

"Redio imesema mzee ameacha mke mmoja. Sasa miaka yote hii mimi nilikuwa nampikia nani?"

Aliyeniokoa ni Mwalimu Zablon, mhariri wetu wa matangazo. Huyu alikuwa amewafundisha falsafa vijana wa upadre kwa miaka mingi, mpaka sikio lake moja likafa na wanafunzi wakazoea kumnong'onezea majibu ya kijinga upande huo. Kanisa likamleta redioni, kwa kuwa eti redioni kazi ni kusema, si kusikia. Alikuwa mnene, mtaratibu, na hakuachana na thermosi yake ya uji wa wimbi. Alimkalisha yule mama kwenye kiti chake, akammiminia uji, akamwomba radhi, kisha akaniambia nitasoma tangazo lote upya saa saba, nikianza na jina lake.

Mama alipoondoka akanigeukia. "Nyar Kadem," akasema, maana ndivyo alivyoniita tangu siku hiyo, binti wa Kadem, nilikozaliwa. "Jina la mfiwa ni kiti matangani. Ukimruka, umemwacha amesimama mbele ya watu."

Basi nikajifunza. Chukueni penseli, si kalamu, na mweke mstari mdogo kabla ya kila jina, hapo ndipo pa kupumua. Karatasi ibandikwe kwenye kipande cha katoni isipige kelele kwenye maikrofoni. Maji ya vuguvugu, kamwe si chai ya maziwa, maziwa yanakaa kooni. Msisome tangazo lolote kabla ya kumpigia simu naibu wa chifu, kwa kuwa tumewahi kuletewa kifo cha mtu mzima aliyekuwa shambani kwake analima, ndugu zake wakiligombea shamba hilohilo. Ikiwa familia ni ya Kiislamu, kama ya wale wafanyabiashara wa vipuri mjini, tangazo liende asubuhi hiyohiyo, maana wanazika siku hiyo na hawana nafasi ya kupamba maneno. Na kabla ya yote, mwulizeni aliyeleta karatasi: watoto walio shuleni wameambiwa? Swali hilo lilikuwa la Mwalimu Zablon. Nililiuliza kwa kila mtu aliyepita mlangoni, na nitawaambia ni nani sikumwuliza sawasawa.

Mwezi wangu wa kwanza nililetewa tangazo la mapacha, Opiyo na Odongo, wa kijiji kimoja karibu na Mbita. Nilifika kwenye jina la Odongo nikalia hewani, kilio cha kamasi, mpaka fundi wa mitambo akaweka wimbo wa kwaya. Nilitoka nikitegemea kufukuzwa. Mwalimu Zablon alikuwa akinisubiri na kikombe cha uji.

"Umewahi kusikia habari za Wastoa?"

"Ni kabila la wapi hilo?"

Alicheka hadi uji ukamwagika kwenye tai. Akaniambia walikuwa wanafalsafa wa Ugiriki na Roma ya kale, waliofundishia barazani, penye wapita njia. "Walisema mambo ni ya aina mbili, yaliyo mikononi mwako na yasiyokuwemo. Kifo cha watoto wale hakimo mikononi mwako. Sauti yako imo. Mama yao yuko nyumbani amekaa karibu na redio, anakungoja umalize majina. Ukilia wewe, nani atamsomea?"

Nikamwuliza kama hayo ni ya Kikristo, maana mimi nilikuwa mwimba kwaya na sikutaka kuingizwa upagani kwa kikombe cha uji.

"Wakristo wa kwanza walikaa nao mji mmoja," akasema. "Wakachukuliana maneno. Wastoa walisema ulimwengu wote unaongozwa na Neno, akili moja iliyo ndani ya kila kitu. Wakristo wakasema ndiyo, na Neno huyo ndiye Bwana wetu, sisi tumemwona akila samaki. Wastoa walisema mtumwa na mfalme ni raia wa mji mmoja. Wakristo wakasema ndiyo, tena ni ndugu. Kiasi, uvumilivu, kutotawaliwa na hasira, hayo yote walikubaliana."

"Kwa hiyo hawana ugomvi?"

"Upo mmoja mkubwa. Nitakuambia siku nyingine, sasa saa saba inakaribia."

Siku hiyo nyingine ilichelewa miaka. Mimi nikachukua nusu niliyopewa nikaondoka nayo. Nilijizoeza kwelikweli. Nikikata kitunguu nilijiambia, hili limo mikononi mwangu, hili halimo. Wastoa walifundisha hata unapomkumbatia mtoto wako ukumbuke kwamba ni wa kufa, na mimi nikamkumbatia Atieno wangu hivyo, nikikumbuka, wala sikujua kwamba mtoto huhisi. Sauti yangu ikawa maarufu. Watu walikuja kutoka Remba na Karungu wakisema, tunamtaka yule mama asiyetetemeka. Nilijivuna, kwa nini nidanganye?

Redio ilipofungua studio ndogo Migori nilihamia huku, kwa kuwa mume wangu, Odhiambo, alikuwa amepata uhamisho kufundisha shule ya msingi hapa Suna. Odhiambo alikuwa mtu wa utani. Nikirudi kazini alikuwa akiniuliza, "Leo umetuzikia wangapi?" na kabla sijajibu ananipa kiti. Mtoto wetu mmoja tu, Atieno, alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni.

Odhiambo alianguka Jumanne moja katika chumba cha walimu akisahihisha madaftari. Presha. Walipomfikisha hospitali alikuwa amekwisha. Mimi nilikuwa na zamu kesho yake. Mkurugenzi alinipigia akasema nikae nyumbani, atasoma mwingine. Nikakataa. Nilisema sauti yangu imo mikononi mwangu. Shuleni kwa Atieno nilikuwa nimepiga simu asubuhi, mwalimu mmoja akaniahidi atamwita ofisini na kumwambia polepole. Nikasema asante, nikakata. Mtu mwingine yeyote ningempigia tena kuthibitisha. Kwangu mwenyewe nikaona imetosha.

Tangazo niliandika mwenyewe kwa mkono. Niliandika mwanzo wake kama siku zote, halafu nikachukua kalamu, si penseli, nikafuta maneno mawili, huzuni kubwa. Nikaacha: "Ni kwa kuyakubali mapenzi ya Mungu." Nilijidai ni falsafa. Ukweli ni kwamba nilijua maneno yale mawili yangeniangusha. Nikasoma saa saba mchana. Sikukosea jina hata moja. Fundi wa mitambo, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa akilia upande wa pili wa kioo, nami nikamwashiria kwa kidole aongeze sauti.

Yule mwalimu alikuwa ameona amwache Atieno ale kwanza. Na bwaloni, mpishi alikuwa na redio.

Kwetu mjane hulia. Hupiga nduru mpaka majirani watoke wakikimbia, maana kilio ndicho kinachowaambia watu kwamba kuna msiba hapa, njooni. Mimi nilifika kwa wakwe zangu nikitembea, mikono nimefumbata. Nilisalimia watu. Mama mkwe alinitazama, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Amemsoma mwanangu kama bei ya omena." Sikumjibu. Nilidhani huo ndio ushindi.

Atieno aliletwa jioni na gari la shule. Nilimwendea nimkumbatie, akarudi nyuma hatua moja.

"Nilikuwa na sahani ya githeri mkononi," akaniambia. "Nilisikia sauti yako, nikafurahi, Mama. Nikawaambia wenzangu, huyo ni mama yangu. Nilifikiri ni baba wa mtu mwingine. Halafu ukasoma jina langu."

Akaenda kulala kwa nyanya yake. Kwa kweli hakurudi tena. Likizo zote alikwenda huko, kisha chuo cha uuguzi, kisha kazi katika zahanati kisiwani Mfangano. Hakunitusi hata siku moja, afadhali angenitusi. Kila Jumapili alinipigia simu. "Mama, uko sawa? Umekunywa dawa? Haya, Mungu akubariki." Dakika mbili. Nilikuwa naikalia simu hiyo tangu ibada ikiisha, na ikikatika nilibaki nimeishika mpaka kioo kizimike. Upweke, ninyi vijana, si kukosa mtu wa kuongea naye. Ni kuwa naye, na muongee juu ya dawa.

Mwalimu Zablon alikuja baada ya matanga, na thermosi yake. Alikaa sebuleni muda mrefu bila kufungua kifuniko.

"Nilikuambia kuna ugomvi mmoja," akasema.

"Ndiyo."

"Ni hapa. Kule bustanini kabla ya kukamatwa, Bwana aliomba mambo mawili. La kwanza, kikombe hiki kiondoke kwangu. La pili, yawe utakavyo wewe. Mstoa angeanza na la pili, na angemalizia hapohapo, kwa heshima zake zote. Bwana alianza na la kwanza, jasho likimtoka. Na kaburini kwa rafiki yake alilia, ingawa alijua kwamba baada ya muda mfupi atamwita atoke. Hilo ndilo wale wa barazani hawakuweza kulimeza, Mungu anayelia."

Akaisogeza thermosi pembeni.

"Na tangazo letu limekaa hivyohivyo, Nyar Kadem. Huzuni kubwa kwanza, kukubali baadaye. Limetungwa na watu wasiosoma falsafa, na mimi nimelihariri miaka yote bila kuliona, mpaka juzi nikasikia umekata upande mmoja. Nilikufundisha nusu. Nisamehe."

Nilikasirika. Nilimwambia, "Yawa, Mwalimu, ungeniambia mapema!" Nikatoka nikaenda kusimama jikoni. Aliosha kikombe chake mwenyewe akaondoka. Tulirudiana baadaye, nikawa namtembelea kijijini kwake alipostaafu, lakini suala hilo hatukulirudia. Mimi niliendelea kusoma vilevile. Sauti ikishakomaa hivyo haijui njia nyingine.

Mwalimu Zablon alifariki wiki ya mwisho ya utumishi wangu. Boke, wewe ndiwe uliyeniletea karatasi. Alikuwa ameliandika tangazo lake mwenyewe kabla hajafa, imebaki nafasi ya tarehe tu, na chini ya huzuni kubwa alikuwa amepiga mstari kwa penseli. Kama mzaha wake wa mwisho, au kama agizo, sijui. Niliwasha maikrofoni. Nikasema, "Ni kwa huzuni kubwa," kisha hakuna kilichofuata. Sikulia. Sauti ilikwenda tu. Ninyi mnajua ukimya wa redio ulivyo mrefu, watu hugonga redio zao wakidhani betri zimeisha. Wewe, Boke, ulinitazama kupitia kioo, nami nikavuta pumzi, nikasoma majina yote mpaka la mwisho.

Atieno alinipigia jioni hiyo. Haikuwa Jumapili.

"Mama, nimekusikia. Ulinyamaza."

"Ndiyo, mwanangu."

"Kwa mwalimu wako umenyamaza. Kwa baba hukunyamaza hata pumzi moja. Nilitaka tu ujue kwamba nimesikia."

Nilimjibu, "Pole, Atieno," akasema haya. Simu ikakatika.

Kwa hiyo, Boke na wenzako, mliniomba njia ya kusoma bila sauti kukatika, na njia ninayo, nimewapa yote hapo juu, penseli na maji na katoni. Wastoa hawakukosea kuhusu majina. Majina myashike, hata mikono ikitetemeka, kwa sababu yupo mtu nyumbani anayengoja kiti chake. Lakini mkifika penye huzuni kubwa na sauti ikataka kukatika, iacheni. Familia haitawadai kitu. Na likiwafika lenu, mpeni karatasi mwenzenu, mwende nyumbani mkalie.

Nilikaa na simu ile ya Atieno wiki tatu. Mwishowe nikafungua kabati nikatoa karatasi ya zamani, imechanika kwenye mikunjo, wino wa ule mstari wa kufuta bado mweusi. Nikapanda gari mpaka Mbita, na kutoka hapo boti ya abiria mpaka Mfangano. Sikuwa nimewahi kufika kwake, wala hakuwahi kunikataza. Sikualikwa tu.

Nilimkuta nyuma ya zahanati akianua nguo zake za kazi. Alishtuka. "Mama? Kuna nini? Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Nimeleta tangazo."

Aliiona karatasi akaijua, ingawa hakuwahi kuiona. Alisema, "La nini sasa, Mama? Ni miaka." Nikamwambia akae. Akakaa kwenye ngazi ya mlango, kapu la nguo mapajani. Mimi nikabaki nimesimama, nikavaa miwani, nikasafisha koo kama mjinga, kama kwamba kuna mtu ataongeza sauti upande wa pili wa kioo.

"Ni kwa huzuni kubwa," nikasoma.

Nikarudia, "Ni kwa huzuni kubwa," na mara hii ikatoka nduru. Sikuipanga. Sikujua kama ninayo. Ilitoka tumboni, ndefu, ya mjane wa Kijaluo kabisa, nikaita Odhiambo, nikaita Odhiambo wangu, nikaangusha miwani, na Atieno akainuka nguo zikamwagika, akanishika kabla sijafika chini. Naye alikuwa analia, mdomo wazi, kama alipokuwa mdogo.

Wanawake wa jirani wakatoka mbio, kama inavyopasa. Mmoja alikuwa na unga mikononi, mwingine na mtoto mgongoni, na nyuma yao bibi kizee na fimbo yake.

"Yawa! Ni nani? Nani amekufa?"

"Ni baba," Atieno akawaambia.

Yule bibi akaweka fimbo chini, akaanza kukaa mchangani karibu nasi. "Woi, nyathina, mwanangu," akasema. "Lini?"

Atieno aliniangalia. Akanifuta uso kwa kiganja chake.

"Mama ndiyo kwanza anatangaza," akasema.